Jinsi ya Kula Bahari Ukiwa Shakopee Bila Kuumbuka

Umealikwa. Au umealika wewe, kwa kiherehere chako, na sasa meza imeshawekwa: Jumamosi saa moja unusu jioni, katika ule mkahawa wa samaki wa Minneapolis ambao kila aliyekwenda anausifu na hakuna anayeweza kueleza alikula nini. Picha umeziona kwenye simu. Sahani pana, katikati kitu kimoja cheupe, pembeni povu, na juu yake jani ambalo kwenu lingeng'olewa pamoja na magugu. Tulia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako, mwana wa bara unayeishi Shakopee, ambaye samaki unawajua kwa majina mawili: tilapia, na yule mwingine.

Uufahamu uwanja kwanza. Shakopee iko ukingoni mwa Mto Minnesota. Ina bembea za Valleyfair, ina farasi wa Canterbury Park, ina ghala la Amazon lililofunguliwa 2016 ambako karibu kila Mwafrika Mashariki unayemjua amewahi kubeba boksi. Bahari haina. Iwe Atlantiki, iwe Pasifiki, iwe Ghuba ya Mexico, hakuna iliyo karibu kuliko kilomita 1,500, yaani Nairobi hadi Mombasa mara tatu, na bado hujaona mnazi.

Hilo halikumzuia mtu. Coastal Seafoods imekuwa ikiwauzia watu wa Minneapolis samaki wa bahari tangu 1981. Mkahawa wa Oceanaire ulizaliwa mjini humo 1998, ndipo ukaenea miji mingine. Mpishi Tim McKee alipata tuzo ya James Beard mwaka 2009, na mwaka huohuo akafungua Sea Change ndani ya jumba la maigizo la Guthrie, kando ya Mto Mississippi, watu wakawa wanameza samaki mbichi kabla ya kwenda kumtazama Shakespeare. Kamba, kaa, chaza, wote hushuka huku kwa ndege na kupokewa na watu wasiowajua. Kwa hiyo hapo mezani hakuna mwenyeji. Samaki mgeni, mpishi mgeni, na wewe mgeni. Nani atamsuta nani?

1. Kula kabla ya kwenda kula

Saa kumi na moja jioni, songa ugali. Usiwe na haya. Mboga yoyote itatosha, hata iliyolala. Sahani ya kwanza utakayoletewa huko itakuwa na kipande cha samaki kinachoweza kufichwa na stempu ya posta, na mtu mwenye njaa akiletewa kipande hicho hukila kwa hasira, na hasira huonekana usoni. Aliyeshiba hutafuna polepole. Hufumba macho. Huweka uma chini katikati ya kipande, akatazama dirishani, na wenzake wakasema kumbe huyu anajua kula.

Kama unafanya kazi ghalani, una kazi ya ziada: kupunguza mwendo. Umezoea kumaliza bakuli la wali kwa dakika saba, ukisikiliza kengele. Wenzetu waliogoma pale Shakopee Julai 2019, siku ya Prime Day, walikuwa wakilalamikia kasi ya kazi. Huku utataka kugomea upole. Sahani tisa, saa tatu. Bila ugali tumboni hufiki sahani ya nne.

2. Toka pwani

Haidhuru ulizaliwa Nyeri, Kisii, Eldoret au Garissa. Leo umetoka pwani. Mmarekani anajua mambo mawili kuhusu Afrika Mashariki, kwamba ina bahari na kwamba ina simba, na ukiikana bahari utaulizwa kuhusu simba.

Usitaje mji. Sema tu, "Kwetu samaki tulimla akiwa bado anatutazama," kisha unywe maji. Ukibanwa, sema "karibu na Mombasa." Voi ni karibu na Mombasa. Nairobi nayo ni karibu, ukipima kutokea Shakopee, na kwa kipimo hicho hata Kitale inaingia. Najua babu yako alimweka samaki fungu moja na nyoka. Najua, kama kwenu ni wafugaji wa ngamia, kwamba alikuwa na maneno makali kuhusu watu wanaokula vitu vya majini. Mizimu ya wazee haijapata viza ya Marekani. Endelea.

Kariri majina manne: changu, tasi, nguru, kolekole. Chochote kitakacholetwa, kiinamie kidogo, tikisa kichwa kwa upendo, na useme, "Huyu kwetu tunamwita kolekole." Hakuna atakayebisha. Sharti ni moja tu: pasiwe na mtu wa Lamu mezani. Nitalirudia hili, maana watu hawasikii.

3. Mkabili mhudumu

Atakuja na aproni ya ngozi, na tatuu ya pweza mkononi, na tabasamu, na swali: "Mmeshawahi kula nasi?"

Huu ni mtego. Ukisema hapana, utapewa hotuba ya dakika nne kuhusu falsafa ya jiko lao, sahani za kushirikiana, na jinsi chakula kitakavyokuja "kikiwa tayari", maana yake bila mpangilio wowote. Ukisema ndiyo, atakuuliza mlikula nini. Jibu ni hili: "Si kwa menyu hii." Menyu za namna hii hubadilika kila mara, kwa hiyo hujasema uongo, umempa heshima yake, na hotuba imefia tumboni mwake.

Menyu yenyewe usihangaike kuisoma. Imeandikwa kwa wino mwepesi, chini ya taa hafifu, na kila chakula kimepewa maneno matatu yasiyojuana: "pweza, kahawa, tufaha." Muulize, "Mpishi mwenyewe angekula nini leo?" Atang'aa uso, atakuchagulia, na hutalazimika kutamka neno hata moja. Ukilazimika kuagiza kitu usichoweza kukitamka, weka kidole juu yake na useme "hiki", kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukila mara nyingi.

4. Usione haya kutumia jina la bandia, samaki nao wanatumia

Hapa wengine dhamiri huwachoma. Nitajiitaje Mswahili, na mimi nilijifunza kuogelea kwenye YouTube? Basi sikiliza habari za wale mtakaokuwa nao mezani.

Yule anayeitwa Chilean sea bass hakuzaliwa na jina hilo. Mwaka 1977 mwagizaji wa samaki wa Los Angeles, Lee Lantz, alikuwa na samaki mtamu mwenye jina baya, Patagonian toothfish, na sura mbaya kuliko jina. Nani angeagiza samaki wa meno? Akambatiza upya, na tangu hapo watu wanamlipia kama bwana harusi. Yule "kaa" wa sushi ya bei chee mara nyingi ni pollock wa Alaska, amesagwa, akafinyangwa, akapakwa rangi nyekundu upande mmoja. Mwaka 2013 shirika la Oceana lilitangaza matokeo ya kupima vinasaba vya sampuli 1,215 za samaki wanaouzwa Marekani: theluthi moja hawakuwa wale walioandikwa. Katika sampuli 120 zilizouzwa kwa jina la red snapper, red snapper wa kweli walikuwa 7.

Hata walleye, samaki rasmi wa jimbo la Minnesota tangu 1965, samaki ambaye watu wa hapa hutoboa barafu na kukaa kwenye kibanda siku nzima kumngoja, hakusalimika. Mwaka 2004 kituo cha televisheni cha KARE 11 kilipeleka maabara walleye wa mikahawa ya eneo hili, na baadhi wakagundulika kuwa zander, samaki wa Ulaya mwenye sura ya kufanana. Wateja walikuwa wamemla miaka yote wakisifu maziwa ya kwao. Mkisii kujiita Mswahili kwa saa tatu ni jambo dogo sana kwenye meza ya namna hii.

Yuko mmoja utakayemfurahia. Anaitwa barramundi. Atakuja na ngozi iliyokaushwa kwa moto hadi inalia chini ya kisu, amelazwa juu ya uji wa njegere, na bei yake dola 36. Mtazame vizuri. Jina lake la kitaalamu ni Lates calcarifer. Sangara ni Lates niloticus. Huyu ni binamu kabisa wa sangara, yule aliyemwagwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 akawala wenzake, aina nyingi zikaisha. Kama ulikulia Kisumu, uliona minofu ikipakiwa kwenda Ulaya na nyinyi mkibaki na mgongo wazi, ukikaangwa kando ya barabara. Sasa minofu imekufikia, baada ya miaka mingi na mzunguko mrefu. Ile kwa heshima. Neno "mgongo wazi" usilitamke hapo, kwa sababu wataliweka kwenye menyu.

5. Mbichi ni mbichi, usingoje aive

Italetwa sahani ya vipande vyembamba sana, unaona rangi ya sahani chini yake, vimenyunyiziwa mafuta na chumvi ya mawe. Usimuulize mhudumu kama anakwenda kuvipika. Usitoe ndimu mfukoni.

Kama moyo unasita, jifariji kwa kanuni. Chakula cha mikahawani Marekani kina masharti: samaki wengi wa kuliwa wabichi lazima kwanza wagandishwe ili minyoo ife, na njia mojawapo ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Kwa mtu aliyepitisha Januari akingoja basi Shakopee, hesabu ni rahisi: wewe mwenyewe umekwisha kutimiza masharti ya kuliwa mbichi. Jitie mikononi mwa sayansi, weka kipande ulimini, na ukiulizwa kikoje jibu, "Safi." Neno hilo hufaa kwa samaki mbichi, kwa divai, na kwa ukuta uliopakwa rangi jana.

6. Chaza

Chaza huja kwenye barafu, sita kwa sita, na kila mmoja ana jina la mji alikotoka. Huyo alikuwa hai mpaka dakika alipofunguliwa gamba. Habari hii ni yako peke yako, usiitangaze mezani. Mkate uweke kando. Uma mdogo ule ni wa kumwachanisha na gamba, si wa kumchomea. Inua gamba, kunywa pamoja na maji yake, tafuna mara mbili, meza. Usikodoe macho. Ukishindwa kumeza, kitambaa cha mezani kipo, na chaza wangapi wa mji huu wamezikwa kwenye vitambaa ni siri ya mafundi wa kufua.

Ukitaka kumtetemesha mhudumu, kuna swali la kitaalamu. Kila gunia la chaza huja na kadi inayoonyesha walivunwa wapi na lini, na mkahawa unatakiwa kuitunza siku 90. Sema kwa upole, "Naweza kuiona kadi?" Meza nzima itanyamaza. Ikiletwa, isome sekunde tatu, guna, irudishe. Ukizidisha sekunde tatu watajua unaisoma kwa mara ya kwanza.

7. Povu, na mambo mengine yanayohitaji uvumilivu

Povu lilianza kupanda mezani miaka ya 1990 kule elBulli, Uhispania, jikoni kwa Ferran Adrià. Mkahawa wenyewe ulifungwa 2011. Povu halikupata taarifa. Kanuni zake ni mbili: usilipulize, wala usiulize kama sahani ilisuuzwa vizuri.

Jeli inayotetemeka kando yake inaweza kuwa na ndugu zetu ndani. Mwani hulimwa Zanzibar kwa biashara tangu 1989 hivi, Paje na Jambiani, na wengi wa wakulima ni akina mama wanaoinama saa nyingi maji yakiwa magotini. Mwani mkavu hupelekwa ng'ambo, ukatolewa dutu ya kugandishia vyakula. Kilo moja, pale ufukweni, kwa kawaida haifiki dola. Hapa kijiko kimoja cha kitu kilichogandishwa kinaitwa "kumbukumbu ya wimbi" na kina mstari wake kwenye bili. Hapo sina mzaha wa kuongeza.

Mambo mengine huenda yakaletwa, jiandae. Heston Blumenthal, mpishi Mwingereza, mwaka 2007 alianza kuwapa wateja wa mkahawa wake, Fat Duck, sahani iitwayo Sauti ya Bahari: chakula cha baharini juu, na kombe lenye kifaa cha muziki ndani na nyaya za kutia masikioni, ule huku unasikia mawimbi. Walioiga wapo. Ukiletewa kombe lenye waya, vaa, tazama mbali, na kwa hali yoyote usiseme "haloo." Ángel León wa mkahawa wa Aponiente, huko kusini mwa Uhispania, hutengeneza soseji za samaki na kupikia planktoni. Josh Niland wa Sydney huwatundika samaki kwenye ubaridi siku kadhaa, wengine wiki kadhaa, wakomae. Mtindo huo umesambaa, kwa hiyo utaambiwa kwa fahari, "Huyu ana siku 14." Mama wa Gikomba akikuuzia samaki wa siku 14 utamwitia askari wa kaunti. Hapa, inua nyusi, sema "kumi na nne tu?", na uendelee.

(Nitasema ukweli mmoja katikati ya ujanja huu wote: ngozi ya samaki aliyekomazwa hivyo, ikikaangwa na anayejua, ni tamu kweli. Mpishi aliyejifunza kazi hiyo hastahili kuchekwa. Anastahili kupunguza maelezo.)

8. Usimlete mtu wa Lamu

Nilisema nitalirudia. Hutasikia, kwa sababu shemeji wa Lamu yuko nchini kwa ziara ya mwezi mmoja na mkeo ameshasema hawezi kuachwa nyumbani. Haya basi, sikiliza yatakayotokea.

Pweza ataletwa. Mkono mmoja, umekunjwa ncha, umeunguzwa kidogo juu ya makaa, umelala juu ya mchirizi mweusi wa wino wa ngisi, na viazi vitatu vidogo vikimlinda. Shemeji atautazama mkono. Atainua macho, atazame mlango wa jikoni, arudi kwenye mkono.

"Shemeji, na pweza mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye huyo, shemeji."

"Huyu ni mkono. Nauliza pweza."

Mhudumu ataona uso wa mgeni na kuja mbio kueleza: wamempika saa tano ndani ya mfuko, kwenye maji ya moto yasiyochemka, ndipo wakamgusisha moto.

"Anasemaje?"

"Anasema wamempika saa tano, kwenye mfuko wa plastiki."

"Saa tano! Kwani hapa hawana jiwe la kumpigia?"

Sasa, ndugu yangu, usishike kichwa. Umesahau kwamba katika meza hii mkalimani ni wewe. Mgeukie mhudumu na useme, "Anasema hajawahi kuona kitu kama hiki." Kweli tupu. Shemeji akiendelea, kwamba pweza bila tui ni adhabu kwa pweza na kwa mlaji, tafsiri hivi: "Anauliza kama mpishi amewahi kufikiria nazi." Shemeji akisema bei hiyo Lamu unapata pweza, wali, na mtu wa kukupepea, tafsiri: "Anasema imemkumbusha nyumbani." Mhudumu ataweka mkono kifuani. Ataleta kitu kidogo kutoka kwa mpishi, bure. Shemeji atauliza hicho nacho ni mkono wa nani.

Hatari halisi ni moja. Akisikia umemwita barramundi "kolekole", atakusahihisha, kwa Kiswahili, taratibu, kwa jina lako kamili. Hapo tafsiri: "Ananisifu."

9. Mchuzi una nini?

Kwa Muislamu wa madhehebu ya Shafi, kama walivyo wengi wa pwani yetu na Wasomali, vya baharini kwa jumla havina taabu: kaa, kamba, chaza. Taabu ni mchuzi. Uliza kama una divai. Karibu kila mchuzi wa hapo una divai. Mhudumu ataingia jikoni, atarudi na uso wa msiba, na kusema wanaweza kukuletea samaki bila mchuzi. Kubali haraka. Utakuwa mtu pekee mezani aliyekula samaki mwenye ladha ya samaki. Kinywaji nacho, agiza maji ya gesi na ndimu kwenye glasi ya divai. Ukiishika shinani, kidole kidogo kikiwa kimetulia, utaonekana na siri kuliko wanywaji wote.

10. Kipande cha mwisho

Sahani za kushirikiana zina tatizo ambalo Minnesota imeshindwa kulitatua. Watu wa hapa ni wapole kupindukia, na hakuna anayethubutu kuchukua kipande cha mwisho. Mmoja atakikata nusu. Mwingine atakata nusu ya nusu. Mwishowe kitabaki kitu cha kuonekana kwa miwani tu, na sahani itarudi jikoni nacho.

Wewe una kinga. Kiangalie kile kipande kwa huzuni na useme, "Kwetu kuacha chakula cha mwisho ni kumtukana mwenyeji." Kisha kile. Watakushukuru kwa kuwaondolea mzigo, na wengine watakwenda kusimulia desturi hiyo kazini.

11. Mpishi akitoka nje

Usiku ukipoa, mpishi hupita mezani akijifuta mikono, anauliza kama mambo yalikuwa sawa. Wenzako watasema "ajabu", "maridadi", maneno anayoyasikia kila jioni. Wewe ngoja. Mtazame machoni. Mwambie, "Nilipoonja ile sahani ya tatu, nilimkumbuka mama yangu."

Atalainika papo hapo. Huenda akakaa. Mama yako wa Nyeri hajawahi kumgusa samaki maishani mwake na alifukuza paka kwa kunuka samaki, lakini mpishi hakukuuliza umekumbuka nini hasa.

Picha: piga moja, haraka, bila mwanga wa simu, kabla hujala. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo iweke bila maelezo. Wakiuliza ni nini, jibu kesho.

12. Bili

Kama umealikwa na Wamarekani, fahamu kwamba ile vita yetu ya kugombea bili mpaka shati likachanika hapa haipo. Mhudumu atauliza, "Moja au tofauti?" na wenyeji wako watajibu "tofauti" bila kupepesa. Hata hivyo hadhi yako ina njia. Nyosha mkono kuelekea bili mara baada ya mwenzako kutoa kadi, kamwe si kabla, na urudishwe ukiwa umenuna.

Kama ulialika wewe, njia haipo. Utaletewa kile kimashine, na skrini yake itakupa bakshishi za kuchagua: 18, 20, 25. Mhudumu atageuka na kutazama dari kwa adabu. Sheria ya Minnesota hairuhusu mhudumu alipwe chini ya mshahara wa kima cha chini eti kwa kuwa ana bakshishi. Lijue hilo, kisha ulisahau, maana kidole chako kinatazamwa na shemeji. Bonyeza cha katikati.

Usiigeuze ile jumla kuwa shilingi ukiwa bado umekaa. Wala ukiwa kwenye maegesho, baridi ikikukumbusha kila kitu. Washa gari, shika barabara ya 169 kuelekea kusini, sifia taa za mji. Ukishavuka daraja la Bloomington Ferry umefika kwako, hapo unaweza kupiga hesabu. Piga kimoyomoyo. Shemeji yuko kiti cha nyuma, hajalala, na anaijua bei ya pweza mzima.